Shajara ya mradi: Kuchagua miradi ya wanafunzi wa programu huria, Lamu, 2025

Januari 11: Mawazo kumi na tisa

Leo tumekutana watu sita katika chumba cha juu cha nyumba moja huku Langoni, tukakubaliana kuanzisha mpango mdogo wa kuwalea wanafunzi wa Lamu katika kazi za programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma na kuurekebisha. Kila mwanafunzi atafanya kazi kwa wiki kumi kuanzia Juni, chini ya mlezi, katika programu au ramani ambayo tayari ipo na inatumiwa na watu. Mipango mikubwa ya aina hii si migeni: Google Summer of Code ilianza mwaka wa 2005, na tangu 2022 haimlazimishi mwombaji awe mwanafunzi, Outreachy nayo huchukua watu mara mbili kwa mwaka. Vijana wetu huomba huko wakarudi mikono mitupu, na kila nilipokaa na mmoja wao kumuuliza kisa, nilikuta jambo lile lile, kwamba hajawahi kutuma kiraka hata kimoja, yaani rekebisho dogo la msimbo, kwa watunzaji wa programu yoyote. Kumfikisha mtu kwenye kiraka chake cha kwanza kilichopokewa, hilo ndilo tunalolitaka.

Tumeandika orodha ya mawazo 19. Shajara hii naiweka wazi ili kikundi cha Malindi, Tanga au Pemba kitakachopenda kuiga kione pia mahali tulipoteleza.

Februari 8: Tangazo limetoka

Tangazo limebandikwa sokoni, gatini na katika chuo cha ufundi, na limezungushwa kwenye makundi ya WhatsApp ya wanafunzi wanaosoma Mombasa na Nairobi. Tumeahidi miradi minane, na mwombaji anatakiwa aandike pendekezo la kurasa mbili. Uchapaji umegharimu KSh 1,200.

Februari 22: Orodha ya kwanza, na sababu ya kuifuta

Tumepokea maombi 23. Kila ombi lilisomwa na walezi wawili wakaliwekea alama kati ya 1 na 5, kisha wanane wa juu tukawaita barazani kwa mazungumzo ya dakika ishirini kila mmoja. Hapo ndipo kazi ya wiki mbili ilipotuharibikia. Watano kati ya wanane hawakuweza kueleza mapendekezo yao wenyewe. Mmoja alikuwa ameandika vizuri sana juu ya kuboresha kikagua tahajia cha Kiswahili, lakini nilipomfungulia faili ya kamusi yenyewe kwenye kompyuta, akaniuliza kama hiyo ndiyo programu. Watatu walikuwa na aya moja iliyofanana neno kwa neno, yenye sentensi laini zisizo na jina la mahali wala la faili, na ilikuwa dhahiri kwamba imetoka katika mashine ya akili bandia ya kujibu maswali.

Sisi hatukuwalaumu vijana hawa, wala sidhani kwamba walitaka kutudanganya. Tuliwaomba insha, wakatuletea insha. Lawama ni yetu, na iliniuma zaidi niliporudi kwenye maombi tuliyoyaacha. Mwombaji aliyeshika nafasi ya 17, mwanafunzi wa chuo cha ufundi, alikuwa ameandika nusu ukurasa tu, tena kwa Kiamu kitupu, lahaja yetu ya Lamu, na walezi wote wawili walimpa alama 2. Ndani ya nusu ukurasa huo alisema kwamba tangu mwaka jana amekuwa akirekebisha majina ya mitaa ya Mkomani katika OpenStreetMap, ramani huria ya dunia ambayo yeyote anaweza kuihariri. Nimeingia kutazama, na kweli masahihisho yake yapo, kila moja na tarehe yake. Mtu huyu alikuwa ameshaanza kazi tuliyokuwa tukitafuta wa kuifanya, na sisi tulimwacha kwa sababu hakujaza kurasa mbili.

Kosa la pili limejitokeza katika kikao hicho hicho. Mwalimu mstaafu aliye mmoja wetu aliuliza nani atalea mradi upi, tukaangaliana. Tulikuwa tumeandika mawazo 19 bila kuweka jina la mlezi hata mbele ya moja. Mradi mmoja unahitaji walezi wawili, kwa kuwa mmoja akiugua au akisafiri mwanafunzi hawezi kuachwa peke yake wiki mbili katika kumi. Walezi sita ni miradi mitatu, si minane, hata kama maombi yote 23 yangekuwa mazuri. Idadi hii tungeijua Januari kama tungeuliza.

Tumefuta orodha, tumewaandikia waombaji wote 23 kuwaomba radhi na kuwaambia ukweli wa idadi, na mawazo yasiyo na walezi wawili tumeyaondoa. Yamebaki matano.

Machi 9: Kazi ya majaribio, na flashi iliyovuka Mkanda

Tumeazima utaratibu wa Outreachy, ambako mwombaji huanza kwa kuchangia kitu katika mradi anaouomba ndipo afikiriwe. Waombaji wote 23 tumewapa nafasi mpya: kila mmoja achague wazo moja kati ya matano na afanye kazi ndogo inayolihusu, ya siku nne au tano, kisha atutumie alichofanya pamoja na maelezo ya pale alipokwama. Maelezo ya kukwama tumeyafanya ya lazima, na nawasihi watakaoiga wasiyaache, kwa sababu mlezi humjua mwanafunzi hapo kuliko katika msimbo uliokamilika.

Jaribio la kwanza la utaratibu huu lilishindwa ndani ya siku tatu. Kazi mbili kati ya tano zilimtaka mwanafunzi apakue Android Studio, zana ya kutengenezea programu za simu, ambayo peke yake inazidi gigabaiti moja. Sisi tuliziandika tukiwa mjini, penye intaneti ya kulipiwa kwa mwezi, wala hatukufikiria bando. Mwanafunzi mmoja wa Faza alitutumia picha ya skrini: upakuaji umefika asilimia 31, na chini yake ujumbe wa kampuni ya simu kwamba bando limekwisha. Hakuandika neno la kulalamika. Usiku ule tulisimamisha kazi zote, na kesho yake tukamrudishia kila mwombaji KSh 200, jumla KSh 4,600.

Tulivyorekebisha ni hivi. Kazi zilizohitaji Android Studio tumezibadilisha ziwe za kuandika na kujaribu msimbo kwa zana ndogo. Pili, hatumtaki mtu apakue ghala la msimbo. Git, programu inayotunza msimbo pamoja na historia ya mabadiliko yake, ina amri iitwayo git bundle, ambayo hufunga ghala zima pamoja na historia yake kuwa faili moja linaloweza kubebwa kwa mkono. Tumenunua flashi nne, KSh 2,800, tukatia humo maghala, zana na miongozo, na flashi mbili zimekwenda Faza na Kizingitini kwa boti, moja Matondoni, moja imebaki mjini. Boti ya Faza hungoja maji yajae ndipo ipite Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, basi ratiba yetu ya uchaguzi nayo ikawa inafuata maji.

Kurudisha kazi hakuhitaji flashi. Amri ya git format-patch hutoa kiraka ambacho ni faili la maandishi tu, la kilobaiti chache, na huingia WhatsApp kwa bando la shilingi kumi. Tahadhari moja tuliyoipata kwa taabu: kiraka kitumwe kama faili lililoambatishwa, kisibandikwe kama ujumbe. Viraka viwili vya kwanza vilibandikwa, vikafika vimepoteza nafasi za mwanzo wa mistari, na Git ikavikataa. Nilikaribia kuwaandikia wenyewe kwamba kazi yao ni mbovu, kumbe kosa lilikuwa njiani.

Kwa kuwa tumo katika Ramadhani, vikao vya kuwasaidia waliokwama tumevihamishia baada ya tarawehe. Mwisho wa kazi tumeusogeza hadi Aprili 5, ili Idi ipite kwanza.

Aprili 12: Kilichorudi

Waombaji 14 wamerudisha kitu, na sita kati yao wamefikisha kazi mahali panapoweza kupimwa. Nitaeleza kazi tatu kwa urefu, kwa sababu ndizo zilizotufundisha namna ya kuchagua.

Ya kwanza ni ya majira ya maji. Mwombaji alitakiwa atumie vipimo vya kila saa vya usawa wa bahari hapa Lamu, ambavyo kituo cha usawa wa bahari cha Chuo Kikuu cha Hawaii huvitoa bure, aandike programu fupi ya kubashiri kujaa na kupwa, kisha alinganishe na maji yenyewe gatini kwa siku tatu. Hesabu yake huanzia kwenye wimbi kuu la mwezi, ambalo hurudi kila baada ya saa 12.42, na ndiyo maana maji ya leo huchelewa kama dakika 50 kuliko ya jana. Mwombaji alichagua siku za Idi. Idi huja na mwezi mwandamo, na mwezi mwandamo huja na bamvua, hivyo alikuwa na maji makubwa ya kupimia. Programu yake ikamwambia maji yatajaa saa saba na nusu mchana. Kabla hajaenda kupima alimwonyesha nahodha mmoja aliyekuwa gatini, naye akamjibu bila kuitazama simu mara ya pili: “Mwanangu, bamvua haijai adhuhuri. Hujaa alasiri.”

Kijana hakubishana naye, wala hakuitupa programu. Alikaa gatini mpaka maji yakajaa, akaandika saa kumi na nusu, akaona tofauti ni saa tatu kamili, kesho yake tena saa tatu kamili. Ndipo alipogundua kwamba vipimo vimeandikwa kwa saa ya Greenwich, na Afrika Mashariki iko mbele kwa saa tatu. Alirekebisha, kisha akaongeza jambo ambalo hatukumwomba: saa zionyeshwe kwa hesabu ya Kiswahili, kwa sababu nahodha anayesoma “16:30” analazimika kutoa sita kichwani kabla hajajua ni saa kumi na nusu. Maelezo yake ya kukwama yalikuwa ukurasa mzima, na ukurasa huo ulinishawishi kuliko programu.

Ya pili ni ya ramani, na aliyeifanya ni yule aliyeshika nafasi ya 17. Kazi ilikuwa kutembea vichochoro vitano vya Mkomani na simu inayorekodi njia, kisha kuvichora. Alituletea mistari miwili kwa kila kichochoro. Wa kwanza ni ule wa simu, na ulikuwa umepinda vibaya: mmoja uliingia katika nyumba ya watu, ukapita ukutani, ukatokea katika ua wa msikiti. Kuta za matumbawe zimesimama ghorofa mbili na tatu kila upande, mawimbi ya setilaiti hugonga huku na huku kabla ya kufika, na kosa la mita chache tu linazidi upana wa njia yenyewe. Mstari wa pili aliupata kwa tepu ya fundi, akipima kutoka pembe moja inayojulikana hadi nyingine, na kuoanisha na picha za angani. Penye wikio, ambapo chumba kimevuka juu ya njia kuunganisha nyumba mbili, picha ya angani haioni kitu, naye akakuta kwamba OpenStreetMap ina alama maalumu ya njia ipitayo chini ya jengo, akaitumia. Ndani ya madaka (kumbi za mlangoni) na nyua hakuchora, na aliandika kwa nini: mwenye nyumba hakuulizwa.

Ya tatu ni ya kikagua tahajia. LibreOffice, programu huria ya kuandikia, na nyingine nyingi hutumia Hunspell, ambayo hulisoma neno kwa kulivua viambishi. Tatizo ni kwamba Hunspell kwa kawaida huvua viambishi tamati viwili na kiambishi awali kimoja, na ukiiamuru ivue awali mbili, tamati hubaki moja. Kitenzi cha Kiswahili hakitoshi humo. Neno “atakayekusomea” lina a, taka, ye na ku hata kabla ya kufika kwenye mzizi. Mwombaji, binti wa Matondoni anayesomea hisabati, hakuandika msimbo mwingi, aliandika hesabu. Tukichukua viambishi 15 vya nafsi na ngeli, vitano vya njeo na hali, na 14 vya mtendwa pamoja na nafasi tupu, tunapata 15 × 5 × 15, yaani michanganyiko 1,125, bila kugusa ukanushi wala vishazi rejeshi. Pendekezo lake ni kwamba kanuni hizo zisiandikwe kwa mkono, bali ziandikiwe programu ndogo ya kuzizalisha, na kila mchanganyiko ujaribiwe kwa vitenzi 20 vya kawaida. Aliuliza pia kama “ndia” na “mato”, yaani njia na macho kwa Kiamu, zihesabiwe makosa. Tumekaa na swali hilo muda mrefu kuliko tulivyotarajia, na jibu letu kwa sasa ni orodha ya Kiamu iliyo peke yake, ambayo mtumiaji anaweza kuiwasha.

Aprili 26: Kikao cha kuchagua

Mara hii walezi wote sita walisoma kazi zote sita. Mwezi Februari wastani wa alama ulitudanganya: mlezi mmoja hashuki chini ya 4, mwingine hapandi juu ya 3, na kwa kuwa hawakusoma maombi yale yale, mwombaji aliinuka au alianguka kwa bahati ya msomaji wake. Leo hakuna alama. Kila mlezi alipanga sita kwa nafasi, wa kwanza hadi wa sita, tukaweka orodha mezani pamoja, na tukazungumza tu pale tulipotofautiana kwa nafasi mbili au zaidi.

Kikao kilikwama kwa jambo langu mimi. Mmoja wa sita ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, na mimi nilimweka wa pili wakati watano wenzangu walimweka kati ya wa nne na wa sita. Sikuwa nimekusudia upendeleo, lakini upendeleo hauhitaji kukusudiwa. Mwalimu alinieleza kwa upole, mbele ya wote, na nikaiondoa orodha yangu juu ya huyo kijana. Tatizo ni kwamba Lamu ni ndogo. Tukisema jamaa asihukumu jamaa kwa upana wake, chumba kitabaki kitupu, maana kila mtu ana ami au binamu ndani. Kanuni tuliyoiandika inamhusu ndugu wa nyumba moja, mtoto, mpwa na mke au mume: mlezi hutangaza mwanzoni, hutoka mwombaji huyo anapojadiliwa, na hawezi kuwa mlezi wake. Nilimwambia mpwa wangu jioni ile ile. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Sawa, mjomba. Naomba maelezo ya wale watano basi.” Nimempa, bila majina.

Tumechagua kazi tatu nilizozieleza, na wa nne amewekwa akiba.

Mei 10: Ghala lisilo na mtu

Mradi wa majira ya maji ulipangwa uingizwe katika programu huria moja ya simu, inayoonyesha kalenda na majira. Leseni inaruhusu, msimbo ni safi, na mwanafunzi alikuwa na kiraka kidogo tayari. Tulikituma Aprili 28. Wiki mbili zinakwisha bila jibu, na nilipotazama historia ya ghala kwa makini, nikaona mabadiliko ya mwisho yaliingia zaidi ya miaka minne iliyopita. Sisi walezi ndio tuliopendekeza programu ile Januari, na hakuna aliyefungua ukurasa wa historia, jambo la dakika moja.

Leseni huria inamruhusu mtu kuchukua nakala na kuiendeleza mwenyewe, na mwanafunzi alikuwa tayari kufanya hivyo. Tumemkataza, na nasimamia uamuzi huo. Atakayeichukua nakala leo ndiye atakayeulizwa kila simu mpya itakapotoka na kila hitilafu itakapoonekana, na kumtwisha mwanafunzi wa mwaka wa pili mzigo huo si ulezi. Badala yake kazi yake itakuwa maktaba ndogo inayojitegemea, yenye hesabu za maji na saa za Kiswahili, ambayo programu nyingine zinaweza kuiita.

Kwa mradi wa tahajia tulichukua tahadhari: tuliwaandikia watunzaji wa kamusi kabla ya kumthibitisha binti wa Matondoni, tukaeleza wazo la kuzalisha kanuni, na walijibu kwa siku tatu wakitaka faili lisiwe zito kiasi cha kuchelewesha uandishi. Sharti hilo sasa limo katika mpango wake. Kuanzia msimu ujao, wazo halitaingia orodhani mpaka kiraka kimoja kidogo kimetumwa huko na kimejibiwa ndani ya wiki mbili.

Juni 21: Wiki ya tatu ya kazi

Hesabu ya uchaguzi imefungwa. Pamoja na yaliyotajwa, nauli za boti zimekula KSh 3,400, na chai, tende na sambusa za vikao vya usiku KSh 2,500, kwa hiyo jumla kuu ni KSh 14,500, tuliyoichanga sisi sita. Kati ya hizo, KSh 4,600 zilikwenda kufidia kosa la bando peke yake. Wanafunzi watatu wanapewa KSh 1,500 kila mwezi za bando.

Ramani imefika vichochoro 22. Kusi imeshika na mvua zimechelewesha upimaji mara mbili, kwa sababu tepu ikilowa haiaminiki, na mwanafunzi amerudia pembe saba. Kanuni za vitenzi zinazalishwa, lakini vitenzi vya silabi moja, kama kula na kunywa, bado vinakataa kwa sababu ya ile “ku” inayobaki katika “anakula” na kutoweka katika “hali”. Binti ameomba wiki moja zaidi kwa hilo, na walezi wake wamempa, wakapunguza vishazi rejeshi katika mpango.

Mwombaji wa Faza, yule wa asilimia 31, hakumaliza kazi ya majaribio mwezi Aprili. Jana flashi yake imerudi kwa boti ya asubuhi, imefungwa katika karatasi ya daftari, na ndani yake mna viraka vitatu vya kikagua tahajia. Viwili vimepita majaribio yote, na leo jioni tunavituma kwa watunzaji kwa jina lake.